Anayetaka kompyuta ya kimya aanze na wati

Kompyuta ya gemu isiyo na feni hata moja inatamaniwa na wengi wanaojiundia mashine zao. Anayeitamani, mara nyingi, huanza kwa kutafuta kipoza joto kikubwa kuliko vyote sokoni, kisha kadi ya michoro yenye nguvu kuliko zote itakayokubali kuingia kwenye kasha, na mwishowe anashangaa kwa nini gemu inakwamakwama baada ya nusu saa. Makala hii inashikilia kwamba ameanzia mwisho. Ukimya wa kompyuta hutegemea wati inazokula, na wati hizo huamuliwa kabla kipoza joto hakijatajwa: huamuliwa na skrini, na aina ya gemu, na mipaka ya umeme ambayo mwenye mashine anakubali kuiweka. Anayehesabu wati kwanza atapata ukimya kwa gharama anayoimudu. Anayezihesabu mwisho atanunua chuma kingi na joto litabaki palepale. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Unguja au Muscat, ambako chumba chenyewe kina joto lake, hesabu hii haina msamaha.

Msingi wake si mgumu. Kompyuta haibebi mzigo wala haipandishi maji mnarani. Karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto. Mashine inayokula wati 400 inakipasha chumba sawasawa na hita ya wati 400. Feni haipunguzi hata wati moja ya joto hilo, inalisukuma tu litoke upesi. Ukiing'oa, kazi yote inaachiwa hewa yenyewe, ambayo hupata moto, ikawa nyepesi, ikapanda, na nafasi yake kuchukuliwa na hewa iliyopoa. Mwendo huo ni wa polepole, ndiyo maana vipoza joto visivyo na feni huwa vikubwa na mapezi yake hupishana kwa nafasi pana. NH-P1 ya Noctua, iliyotoka mwaka 2021, ina uzito unaozidi kilo moja, na bado watengenezaji wake hawaishauri kwa vichakataji vyenye joto kali. Streacom, ambao kasha lao la DB4 hutoa joto kupitia kuta zake nne za alumini, wameweka wati 75 kuwa mwisho wa kadi ya michoro kwa vifaa vyao vya kuifunga humo. Hawa ni watu wasiobania shaba wala alumini. Sasa linganisha na soko: GTX 1080, kadi ya kifahari ya Nvidia mwaka 2016, ilipangiwa wati 180, RTX 5090 ya mwaka 2025 imepangiwa 575. Katika miaka tisa joto la kadi ya juu limezidi mara tatu, na hewa tunayovuta ni ileile.

Kampuni ya Apple imetuachia mifano miwili inayopima hoja hii vizuri. Mwaka 1980 ilitoa Apple III, ambayo Steve Jobs alitaka isiwe na feni kwa kuwa hakupenda kelele. Umbo liliamuliwa kwanza, saketi zikalazimishwa kukaa ndani yake. Mashine nyingi za mwanzo ziliharibika, joto likitajwa miongoni mwa sababu, na kampuni ikabidi ibadilishe maelfu ya kompyuta zilizokwisha kuuzwa. Miaka arobaini baadaye, Novemba 2020, Apple hiyohiyo ilitoa MacBook Air yenye chipu ya M1, bila feni. Toleo lililoitangulia, la mapema mwaka huohuo, lilitumia chipu ya Intel na lilikuwa na feni. Hili lisilo na feni ndilo lililokuwa na kasi zaidi. Hamu ya ukimya ilikuwa moja mara zote mbili, na hewa haikubadilika. Kilichotofautiana ni mpangilio wa kazi: mara ya kwanza feni iliondolewa na joto likaachwa, mara ya pili joto lilipunguzwa ndani ya chipu na feni ikakosa kazi. Anayejiundia kompyuta hawezi kubuni chipu, lakini anaweza kuchagua ipi anunue na aiendesheje, na hapo ana uhuru mkubwa kuliko anavyodhani.

Uhuru huo unaanzia kwenye skrini, kifaa ambacho wengi hukinunua mwisho. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili na kidogo. Ile inayoitwa 4K, ya 3840 kwa 2160, ina zaidi ya milioni nane. Kila fremu ya gemu kwenye 4K inaidai kadi ichore pikseli mara nne. Kisha kuna idadi ya fremu. Skrini ya hezi 60 huonesha picha 60 kwa sekunde, basi. Kadi ikiachwa huru itoe fremu 140, zaidi ya nusu ya kazi yake inatupwa bila jicho lolote kuiona, ila joto lake linabaki chumbani. Kuweka kikomo cha fremu kwenye gemu au kwenye programu ya kadi ni jambo la dakika moja lisilogharimu hata senti, na huenda likaokoa wati nyingi kuliko kipoza joto chochote cha dukani. Anayesema anataka 4K, fremu 144 na kasha lisilo na feni akumbuke kwamba mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshika tatu.

Baada ya skrini inakuja gemu yenyewe, na hapa soko limetutisha bure. Gemu nyingi zinazochezwa na umma, kuanzia za mpira kama EA Sports FC na eFootball hadi Dota 2 na Valorant, zimetengenezwa ili ziendeshwe na mashine za kawaida, kwa sababu biashara yake ni kupata wachezaji wengi. Hata zile nzito za jana zimekuwa nyepesi leo. Grand Theft Auto V ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015, kadi iliyopendekezwa ilikuwa GTX 660, ya wati 140. RTX 3050 ya gigabaiti sita, iliyotoka Februari 2024, inaipita kadi hiyo kwa mbali huku ikitumia wati 70, nusu ya zile. Kwa kuwa tundu la kadi kwenye bodi mama hutoa hadi wati 75, kadi hii haihitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. Palit wanaitengeneza katika toleo la KalmX, lenye mapezi na mabomba ya joto, bila feni. Kwa anayetaka kucheza kwenye skrini ya 1920 kwa 1080 na kuvumilia kupunguza madoido ya picha kwenye gemu mpya kabisa, kadi ya daraja hilo ndiyo pa kuanzia. Anayecheza gemu nyepesi tu anaweza hata kuiacha kadi, akatumia kichakataji chenye michoro ndani yake kama Ryzen 7 8700G.

Kwenye kichakataji ndipo lebo zinapodanganya zaidi. Core i5-12400 ya Intel huandikwa wati 65, lakini Intel yenyewe inakiri kwamba ikikazana inaruhusiwa kufika 117. Vichakataji vya Ryzen vilivyoandikwa 65 vinaruhusiwa kufika 88. Namba ya kwenye boksi ni kipimo cha kupangia, wala si dari. Kwa bahati nzuri, dari anaweza kuiweka mwenye mashine mwenyewe kupitia mipangilio ya bodi mama, na fizikia iko upande wake. Sehemu kubwa ya joto la chipu hufuata kasi yake ikizidishwa kwa mraba wa volteji. Ukipunguza kasi kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, joto hilo hushuka kwa takriban asilimia 27. Watengenezaji, kwa kushindana kwenye majedwali ya vipimo, hukamua chipu hadi mahali ambapo tone la mwisho la kasi linagharimu umeme mwingi kupita kiasi. Kulirudisha tone hilo hakuonekani machoni mwa mchezaji, kwani gemu nyingi huibana kadi ya michoro kabla ya kukibana kichakataji. Chipu ya kati iliyowekewa dari ya wati 55, kadi ya wati 70, na takriban wati 20 za bodi, kumbukumbu na diski: jumla ni 145, mzigo ambao alumini inaweza kuubeba.

Vifaa vilivyobaki vina maneno machache, ila kila kimoja kina mtego wake. Pawasaplai ndiyo ya kwanza, na rahisi huvunja upishi. Kwenye mzigo wa wati 150, yenye ufanisi wa asilimia 85 inapoteza wati 26 ndani ya kasha. Yenye asilimia 93 inapoteza 11. Tofauti ya wati 15 ni ndogo mbele ya feni, ila ni kubwa pale ambapo feni haipo. Seasonic wana pawasaplai zisizo na feni, na baadhi ya makasha madogo hutumia adapta ya nje kama ya kompyuta mpakato, ambayo huliacha joto lake nje. Diski iwe ya SSD, maana diski ngumu inayozunguka itasikika mara tu feni zitakapoondoka. Lakini SSD za kizazi cha tano cha PCIe hupata moto kiasi cha nyingine kuuzwa na vifeni vyake, basi kizazi cha tatu au cha nne kinatosha. Bodi nyingi za X570 za mwaka 2019 zilikuwa na kifeni juu ya chipu ya bodi, kwa hiyo picha ya bodi itazamwe vizuri kabla ya pesa kutoka. Saketi zinazorekebisha volteji kando ya kichakataji kwa kawaida hupozwa na upepo wa feni yake. Feni ikiondoka nazo zinahitaji mapezi yao. Na kuna koili, ambazo hulia kwa sauti nyembamba zikipitisha umeme mwingi. Kikomo cha fremu na cha wati hupunguza kilio hicho pia.

Sasa tuingie kwenye pingamizi, tukianza na la hali ya hewa, kwa kuwa ndilo linalotugusa zaidi. Vipimo vingi tunavyosoma hufanyiwa Ulaya na Marekani, katika vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Chipu inayokoma kwenye nyuzi 95 ina nafasi ya nyuzi 75 ndani ya chumba cha nyuzi 20. Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, nafasi hiyo imebaki 63. Kipoza joto kilichosifiwa huko kwa wati 65 hapa kinabeba 54 hivi, na pengine pungufu. Wapo watakaosema basi kompyuta zisizo na feni si za pwani. Jibu ni kwamba pwani inadai nidhamu tu: punguza bajeti ya wati kwa moja ya tano kabla ya kununua, kisha usilifungie kasha kabatini, maana mapezi yanataka hewa iingie chini na kutokea juu. Tena nyumba za pwani zina msaada usiotajwa kwenye majaribio hayo, nao ni pangaboi. Hewa inayosogezwa hata kwa mwendo mdogo huchukua joto kwenye mapezi vizuri zaidi kuliko hewa iliyotulia. Mtu atauliza: kama pangaboi linavuma, ukimya wa kompyuta una faida gani? Faida ni kwamba mvumo wa pangaboi ni mmoja, sikio huuzoea na kuusahau, ilhali feni za kompyuta hupanda na kushuka kila gemu inapokazana, na mabadiliko ndiyo yanayolisumbua sikio.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa mafundi wenyewe: kwa nini kuikataa feni kabisa, wakati feni kubwa inayozunguka polepole haisikiki? Hoja hii ina hesabu nyuma yake. Ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, na desibeli 10 tu tayari sikio huzihesabu kama nusu ya sauti. Feni moja ya milimita 140 inayojikokota inaweza kufanya kazi ambayo kilo za alumini zinashindwa. Lazima tukubali kwamba kwa kadi ya wati 200 na zaidi, feni hiyo ni ya busara kuliko kasha la mapezi. Hata hivyo kukubali huko kunaimarisha hoja ya wati, kwa kuwa feni huweza kujikokota pale tu ambapo joto ni dogo. Wati zikiwa 500, hata feni bora itapiga kelele. Na kwa mashine iliyo chini ya wati 150, kutokuwa na feni kuna faida nyingine zaidi ya ukimya. Feni huvuta vumbi ndani, na kwa wakazi wa karibu na bahari huvuta na hewa ya chumvi. Vilevile ni kifaa kinachozunguka, na kinachozunguka huchakaa. Mashine isiyovuta hewa kwa nguvu hukaa safi kwa muda mrefu zaidi, na haina beringi ya kubadilishwa.

Wapo pia wanaosema mashine ya namna hii ni dhaifu, haistahili kuitwa ya gemu. Ni kweli haitaendesha kila gemu mpya kwa madoido ya juu kabisa, na anayetaka hivyo hakuna wa kumzuia. Aweke feni zake na avae hedifoni. Lakini hedifoni humsaidia mchezaji peke yake. Aliyelala kwenye chumba hichohicho bado anasikia, na maikrofoni inapeleka mvumo kwa wachezaji wenzake. Joto nalo halizibwi na hedifoni. Mwenye kiyoyozi hulilipia mara mbili, kwanza kulizalisha na kisha kulitoa nje; kiyoyozi kinachotoa wati tatu za joto kwa kila wati moja ya umeme kitakula wati 100 zaidi kwa ajili ya kompyuta ya 300. Kadi kubwa ina haki yake kwa anayeihitaji kweli. Lisilo na haki ni kumwaminisha kijana anayecheza mpira wa kwenye skrini kwamba bila wati 400 hajaanza kucheza.

La mwisho ni gharama: makasha ya alumini na vipoza joto vikubwa vya kigeni ni ghali, na usafirishaji wa kilo nyingi za chuma huongeza bei. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza na wati, ambazo kuzipunguza ni bure. Kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazojaa kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na barabara ya Luthuli jijini Nairobi, nyingi zina vichakataji visivyo na tamaa, na kadi ya wati 70 isiyohitaji waya wa ziada huweza kuingia kwenye zile zenye nafasi ya kutosha. Feni iliyomo inaweza kubaki, ikashushwa mzunguko, mpaka siku pesa ya kasha bora itakapopatikana. Kisha kuna umeme wenyewe. Mashine ya wati 400 na ya wati 150 zikichezewa saa nne kila siku, tofauti yake kwa mwaka ni uniti 365, uniti moja kwa siku. Kila mwenye mita ya LUKU au tokeni azidishe kwa bei ya kwake aone. Umeme ukikatika, UPS ndogo inayoizima mashine kubwa kabla mchezaji hajahifadhi mchezo wake itaibeba ile ndogo kwa muda wa kutosha kumaliza. Kwa nyumba inayotegemea sola na betri, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kompyuta ya gemu inawezekana au haiwezekani.

Kwa hiyo mnunuzi abadilishe swali lake la kwanza. Matangazo ya maduka hutaja gigabaiti, gigahezi na jina la kadi kwa herufi kubwa, na wati huachwa zitafutwe kwenye maandishi madogo. Muuzaji anayeuza mashine kamili anaweza kuipima kwa kipimo kidogo cha soketi wakati gemu inachezwa, akaandika namba hiyo kando ya bei, kama friji zinavyoandikwa matumizi yake. Wanaochambua vifaa kwa Kiswahili, ambao idadi yao inakua YouTube, wanaweza kupima kasi kwa kila wati na kutaja joto la chumba walichopimia, badala ya kurudia majedwali ya wageni waliopimia kwenye baridi. Mnunuzi naye aingie dukani akiwa na namba tatu: pikseli za skrini yake, fremu zinazomtosha, na wati asizotaka kuzivuka. Akishazijua hizo, orodha ya vifaa itajichuja yenyewe, na mara nyingi atagundua kwamba kipoza joto cha ndoto zake hakihitajiki.